Mwacha Asili na Mpira wa Breki

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama mbele ya ubao nikawafundisha watoto wa Unguja methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Niliifundisha kwa sauti kubwa na kwa moyo mmoja. Mtoto aliyeniuliza asili ni nini nilimjibu kwamba ni kile alichokikuta kwa wazee wake, kisha nikaendelea na somo. Sikujua kwamba swali lile nilikuwa sijalijibu, wala sikujua kwamba jibu lake lingenijia nikiwa nimekwisha kustaafu, tena si kutoka kitabuni bali kutoka chini ya gari bovu.

Gari lenyewe ni Morris Minor la mwaka 1959. Msomaji kijana huenda hajapata kuliona. Ni gari dogo la Kiingereza, la mviringo mithili ya kobe, lililobuniwa na Alec Issigonis, mhandisi yule yule aliyekuja kubuni Mini. Magari hayo yalianza kuundwa mwaka 1948 na yakakoma mwaka 1971, yakiwa yameundwa zaidi ya milioni 1.6. Katika utoto wangu niliyaona yakiendeshwa na makarani, waganga wasaidizi na walimu, watu wa cheo kidogo na mshahara wa uhakika. Hili letu lina injini ya sentimita za ujazo 948. Badala ya taa za kumwekameka za kuonyesha upande unaokata kona, lina vijiti viwili vyenye taa ndani yake, kimoja kila ubavu, vinavyochomoza kama mkono wa mwanafunzi anayelijua jibu.

Lilikuwa la mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, aliyekuwa karani bandarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndilo lililonipeleka Chuo cha Ualimu Nkrumah. Kutoka kwetu Chukwani mpaka Beit-el-Ras ni kuupita mji wote, kutoka kusini kwenda kaskazini, na njia nzima sanduku langu la bati lilikuwa likigongagonga kiti cha nyuma. Mjomba hakuwa msemaji. Tulipofika alizima injini, akanipa mkono, akanambia, "Mjomba, usiseme unakijua kitu mpaka umekifungua." Niliyachukua maneno yale kuwa ni nasaha ya masomo. Baadaye sana ndipo nilipoona kwamba huenda alikuwa akizungumzia gari tu.

Mjomba alifariki mwaka 1986, Mwenyezi Mungu amrehemu. Gari likabaki chini ya banda la makuti uani kwetu, mahali ambapo upepo wa bahari hauchelewi kufika. Chumvi ikala milango. Kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Mimi nikawa na skuli ya kuendesha, watoto wa kulea na sababu nyingi za kusema "mwakani". Nilistaafu, miaka ikapita, na mwaka 2017, asubuhi moja nilipokuwa nikifagia uani, niliona mchwa wamefika kwenye nguzo ya banda. Nikajua kwamba mwakani yangu imekwisha.

Anayetaka kulifufua gari la kale hukutana na njia tatu. Ya kwanza ni kuitengeneza spea ile ile iliyokuja na gari, hata kama imechoka. Ya pili ni kutafuta spea iliyotoka kiwanda kile kile zamani zile lakini haikupata kufungwa, ambayo imelala ghalani ndani ya boksi lake miaka arubaini au hamsini. Ya tatu ni kununua spea mpya iliyoundwa juzi kwa kuigiza ile ya zamani. Morris Minor lina wapenzi wengi Uingereza, kwa hiyo nakala za spea zake hazikosekani. Katika miaka ya 1990 hata Sri Lanka, ng'ambo ya bahari hii yetu, kulianzishwa kiwanda kidogo cha kuunda vipande vya bodi lake kwa ajili ya wapenzi hao. Mimi nilizikubali njia mbili za mwanzo tu. Ya tatu niliiona sawa na kazi ya mwanafunzi aliyenakili daftari la mwenziwe: huenda majibu ni sahihi, lakini si yake.

Fundi wangu ni mtu wa makamo, mwenye gereji ndogo chini ya mkungu. Nilimsomesha darasa la tano. Alikuwa wa safu ya nyuma, mpole, asiyenyoosha mkono. Mpaka leo akizungumza nami husimama na kuiweka spana chini. Nilimweleza kanuni yangu: kila kitu kiwe cha asili. Akasema, "Sawa, Maalim." Miaka miwili tulikwenda hivyo. Jamaa zangu wa Muscat na wa Uingereza wakiuliza niletewe zawadi gani, nilikuwa nikiwatajia namba za spea. Mke wangu alisema kwamba mgonjwa wa hospitali hapati wageni wengi kama lile gari.

Siku moja niliruhusiwa kuingia katika ghala la duka la spea la mjini lililokwisha kufungwa. Chini kabisa, nyuma ya mabomba ya baiskeli, nilikuta boksi lenye nembo ya BMC, yaani shirika la Kiingereza lililoundwa mwaka 1952, ambalo Morris ilikuwa ndani yake. Ndani ya boksi mlikuwa na mipira mitatu ya breki. Gari lile lina mitatu: miwili ya magurudumu ya mbele na mmoja unaokwenda nyuma. Yote haijaguswa, imefungwa katika karatasi yake yenye mafuta. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeokota lulu.

Fundi aliupokea mpira mmoja, akaukunja taratibu, akaunusa, akaukunjua. Akasema, "Maalim, huu haujatumika, lakini haukulala bure. Mpira una umri wake. Tuagize mipya."

"Mipya ni nakala," nikamjibu.

"Ndiyo, Maalim. Lakini hii ni breki."

Hapo nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniumiza kulikumbuka. Sikumjibu kwa hoja, kwa sababu sikuwa na hoja. Nilimtazama kwa jicho lile nililokuwa nikimtazamia darasani. Na yeye, mtu mzima mwenye wajukuu, akainamisha kichwa, akalala chini ya gari, akaifunga.

Wiki tatu baadaye, mwaka 2019, nilikuwa nikienda mjini na mjukuu wangu wa miaka tisa. Gari lilikuwa likienda vizuri. Watu walituamkia njia nzima, wengine wakilipigia saluti gari. Baada ya Kiembesamaki tulikaribia mahali ambapo wanafunzi huvuka barabara. Walikuwa wanatoka skuli, mashati meupe na shungi nyeupe, safu ndefu imeshikana mikono. Nikakanyaga breki. Mara ya kwanza zikashika kidogo. Nikasikia kitu kama pumzi iliyokatika, na mguu wangu ukashuka mpaka sakafuni bila ya kukuta kitu.

Msomaji asiyejua magari anahitaji kuelezwa jambo moja. Magari ya siku hizi yana njia mbili za mafuta ya breki, ili moja ikipasuka nyingine ibakie. Gari la 1959 lina njia moja tu. Mpira mmoja ukipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Inayobaki ni breki ya mkono, ambayo huvuta nyaya za chuma mpaka magurudumu ya nyuma na haina haja ya mafuta. Niliivuta kwa nguvu zangu zote, nikakata usukani kushoto, na gari likaingia katika fungu la mchanga ambao mtu, Mungu ambariki, alikuwa ameumwaga kando ya barabara kwa ajili ya kujengea. Bawa la mbele likabonyea. Mjukuu wangu akagonga paji la uso kwenye dashibodi na kupasuka. Alishonwa nyuzi tatu. Watoto wa skuli walisimama wakatutazama, kisha mmoja akanitambua kwa kuwa babu yake alikuwa mwanafunzi wangu, akasema, "Shikamoo Maalim." Sikuweza kuitikia.

Nimekuwa mwalimu mkuu. Nimewahi kumfukuza dereva wa gari la kuni uwanjani mwa skuli kwa sababu tairi zake zilikuwa kipara. Na sasa ni mimi niliyewaelekezea watoto chuma kisicho na breki, kwa sababu ya nembo iliyo juu ya boksi.

Fundi alikuja jioni. Hakusema "nilikwambia". Alichukua kisu akaupasua ule mpira kwa urefu, akanionyesha. Nje ulikuwa mweusi na wa kung'ara. Ndani ulikuwa umepasukapasuka kama tope la mpunga wakati wa kiangazi. Mpira huliwa na hewa na joto hata ukiwa ndani ya boksi, na ghala lile lilikuwa na joto la miaka hamsini. Wazee wamesema la kuvunda halina ubani, nami nilikuwa nimelifukizia ubani kwa miaka miwili.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baada ya siku ile niligeuka upande wa pili. Nikaagiza kila kitu kipya: mipira yote, vifaa vya umeme, vishikio, mapambo ya bati linalong'aa. Kanuni yangu sasa ilikuwa kwamba kila cha zamani kiondoke. Fundi akasema tena, "Sawa, Maalim," kwa sauti ile ile, na mimi sikuisikia kwa mara ya pili.

Miongoni mwa vilivyokuja mlikuwa na kondensa, kidude kidogo kinachokaa ndani ya distribyuta na kuzilinda platini zisiungue kwa cheche. Kilikuwa kizuri, kinang'ara. Hakikumaliza wiki mbili. Injini ikipata moto inazima, na lilizima Mazizini saa saba mchana, mimi na mke wangu tukasukumwa na vijana wa mpira. Fundi alikifungua, akarudisha kile cha zamani kilichokuja na gari kutoka kiwandani, na injini ikawaka. Kidude cha miaka sitini kilikuwa kizima, na cha wiki mbili kimekufa. Kipya kinyemi kingawa kidonda.

Safari hii nilimuuliza. Nilikaa juu ya tairi, nikamwambia aketi, nikamwomba anifundishe. Alikataa kuketi, lakini alinifundisha. "Maalim," akasema, "chuma kiulize kutu. Mpira uulize umri. Umeme uulize nani kautengeneza. Ukiuliza 'ni cha asili au si cha asili?' hakuna kitakachokujibu, kwa sababu hicho si kitu, hilo ni jina." Nikamkumbuka mtoto wa safu ya nyuma asiyenyoosha mkono. Nikajiuliza ni mangapi mengine aliyokuwa akiyajua nami sikumuuliza.

Tukaanza upya, na safari hii tulifungua kwanza. Hapo ndipo gari liliponichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Dinamo haikuwa yake. Ilitoka katika gari jingine. Fremu ya taa ya kulia ni ya Austin. Gasketi mbili zilikatwa kwa mkono kutoka karatasi ngumu, mtu akiifuata nati kwa kisu kama anayekata nguo. Na mlango wa kushoto ulikuwa na kishikio cha kupandishia kioo kilichochongwa kwa mti wa mfenesi.

Niliposhika kile kishikio nilikumbuka. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1970, zama za uhaba, wakati spea ya gari ilikuwa kama habari ya peponi: watu wanaizungumza na hakuna aliyeiona. Mimi nilikuwa mwalimu kijana. Kishikio cha bati kilikatika, na mjomba hakuweza kupata kingine. Akaenda kwa rafiki yake fundi wa milango ya nakshi, akaomba kipande cha mfenesi, akakaa barazani jioni saba akikipiga msasa, na mimi nikikaa karibu yake nikisahihisha madaftari. Nilikuwa nimesahau kabisa. Katika miaka yote niliyolipigania gari lile libaki kama lilivyotoka kiwandani, sikujua kwamba mwenyewe mjomba hakuwa na gari la namna hiyo. Alikuwa na gari lililo hai, na ili libaki hai alilitia kila alichokipata.

Hata petroli ninayolitilia si ile yake. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na injini za zamani zilitegemea risasi hiyo kukinga viti vya vali visiliwe. Ilibidi silinda hedi ipelekwe Dar es Salaam ikatiwe viti vya chuma kigumu. Havionekani kwa nje. Lakini bila ya hivyo gari lingebaki la asili, na lingebaki bandani.

Katika siku hizo alinitembelea rafiki yangu, mwashi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi ya kuhifadhi majumba ya Mji Mkongwe, ule ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000. Alikuja kumjulia hali mjukuu, akakuta bawa la gari likiwa juu ya kiti. Nilimweleza kuhusu kondensa na kuhusu mpira. Akacheka, akasema kwamba hayo ndiyo maisha yake yote. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Mwenye nyumba akiona plasta inapukutika huona kwamba saruji ina nguvu zaidi, akaipaka. Lakini chokaa inapumua na saruji haipumui. Unyevu na chumvi hukwama ndani ya ukuta, ncha za boriti za mikoko zinaoza pale zinapoingia ukutani, na nyumba iliyosimama miaka mia huanza kuinama. "Hapo kipya ndicho kinachoua," akasema. "Lakini nikikuta boriti iliyooza siiachi eti kwa kuwa ni ya kale. Naitoa, natia nyingine ya mkoko ule ule, na siifichi."

Neno hilo la mwisho nilimwomba alieleze. Akanieleza kwamba uko mkataba wa wahifadhi wa majengo uliofanywa Venice mwaka 1964, mwaka ambao sisi huku tulikuwa na shughuli zetu nyingine. Mkataba huo unataka kipande kinachojaza pengo kikubaliane na jengo zima, lakini wakati huo huo kiweze kutambulikana na vile vya asili, ili matengenezo yasiwe ushahidi wa uongo. Baadaye nilipata kujua kwamba hata wenye magari wanao wao. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, liliidhinisha mwaka 2013 mkataba unaoitwa wa Turin, nao umefuata nyayo za ule wa Venice. Unahimiza kuhifadhi kabla ya kubadilisha, na unapobadilisha, kuandika ulichokifanya na kukitia alama kipande kipya.

Kuandika! Hilo ni jambo ambalo mwalimu mkuu analiweza hata akiwa usingizini. Nilinunua daftari kubwa, nikalipigia mistari, nikalifanya rejista. Kila kipande cha gari kina jina lake, tarehe yake ya kuingia, kilikotoka na sababu. Waliokuwapo tangu 1959 wanajulikana. Waliohamia kutoka magari mengine wanajulikana. Wapya wanajulikana, na fundi amewapiga alama ndogo ya mwaka kwa patasi, mahali ambapo mpita njia haoni lakini mwenye kutafuta ataona. Wale waliochongwa na mjomba wana ukurasa wao peke yao.

Kwa rejista ile uamuzi ukawa mwepesi, kwa sababu swali lilikuwa limebadilika. Kila kipande nilikiuliza: wewe umebeba nini? Kikiwa kimebeba roho za watu, kama mpira wa breki, miguu ya magurudumu ya mbele na usukani, basi kinachotakiwa ni uzima tu, na nembo haina sauti. Kikiwa kimebeba kumbukumbu, kama kile kishikio cha mfenesi, basi kinakaa hata kama kioo kinapanda kwa shida, na nakala yake inayong'ara niliyoiagiza kwa pesa nyingi imo kwenye mtoto wa meza. Vijiti vya kuonyesha upande vilikuwa vimebeba vyote viwili. Mimi navipenda, lakini kijana wa bodaboda hajui maana yake, na hana kosa. Tumeviacha vichomoze, na chini yake tumefunga taa ndogo za kumwekameka ambazo kila mtu anazielewa. Lile bawa lililobonyea hatukuagiza jipya. Fundi alilinyoosha kwa nyundo na gogo siku nne, akauliza kama alizibe kwa puti lipotee kabisa. Nikamwambia aache kidogo. Ukilipitisha kiganja utalihisi bonde. Nami kila ninapoliosha gari nalihisi.

Hapa Chukwani kwetu yapo mabaki ya kasri la Sayyid Barghash. Kilichobaki ni cha asili kabisa, hakuna aliyekichanganya na kitu kipya, na hakuna awezaye kulala humo usiku mmoja. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jengo alilolijenga Sayyid huyo huyo mwaka 1883, iliporomoka mafundi wakiwa kazini, na roho zikapotea. Nilikwenda kusimama Forodhani pamoja na watu wengine. Watu wa rika langu walikuwa wakilia wazi. Mimi nililia pia, lakini ndani ya kilio nilisikia sauti ya mpira ukipasuka. Kulipenda jengo hakulizuii kuanguka, na mapenzi yetu kwa kitu cha kale ni lazima yaingie pia katika mahali pasipoonekana, kwenye ncha za boriti.

Yako majaribu mengine ambayo sikuyatarajia. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja kutoka bara anayekusanya magari ya kale. Alilizunguka gari mara tatu, akauliza, "Mzee, ni orijino?" Kwa kweli ningeweza kusema ndiyo. Alama za fundi hakuziona. Paa la nyumba yangu lilikuwa linataka mabati, na bei aliyoitaja ingeliezeka na kubaki. Nilimletea rejista. Alisoma kurasa mbili akaifunga. "Mzee," akasema kwa upole, "daftari hili linalishusha bei gari lako." Nikamwambia kwamba bila ya daftari hilo gari si langu. Akaondoka. Mabati nimeyatia kidogo kidogo, nayo yameandikwa pia, kwa mazoea.

Nikirudi leo darasani, na mtoto akaniuliza asili ni nini, sitamwambia ni kile alichokikuta kwa wazee wake. Wazee wenyewe hawakukiacha kama walivyokikuta. Nitamwambia kwamba jahazi la Nungwi hubadilishwa ubao leo na ubao mwakani, na bado ni jahazi lile lile, maadamu yuko mtu anayejua ubao upi umetiwa lini, na kwa nini. Anayebadilisha bila ya kujua, huyo ndiye aliyeacha asili. Na asiyebadilisha kwa sababu hataki kujua, amefanana naye sana.

Mjukuu wangu sasa ni kijana, na kovu la nyuzi tatu limepanda juu kidogo pamoja na kimo chake. Jumamosi huja kulisaidia gari kupata grisi. Juzi fundi alisema kwamba ile mipira mipya ya breki, ingawa ni mizima, imetimiza miaka yake, akatufungia mingine. Nilimwachia kijana aandike mwenyewe kwenye rejista. Aliandika, "Mipila ya breki, mitatu, mipya. Sababu: ile mingine ilikuwa inazeeka." Nilimsahihishia herufi moja tu.